Kiraka cha Sauti

Mzee Mahenge aliingia Ofisi ya Mtetezi wa Kaya akiwa na matope hadi magotini, na kabla hata hajaketi akasema amekuja kumshtaki mtu aliyelia kwa sauti ya binti yake.

Edina Tweve, ambaye kazi yake ilikuwa kupokea malalamiko ya wateja wa mtandao kwa mkoa mzima wa Njombe, aliinua uso. Asubuhi ile ilikuwa na baridi ya kung'ata, naye alikuwa amejifunga shuka juu ya koti. Kazi ilikuwa imepungua mpaka akaanza kuona haya kuitwa mtumishi. Watu hawakulalamika tena, kwa sababu mtandao haukukatika.

"Kamwene, baba. Karibu kiti."

"Kamwene, mwanangu. Sikai. Nikikaa nitasinzia. Nimetoka Ihanzo kwa miguu."

"Kwa miguu! Basi limeharibika?"

"Basi gani? Barabara imeporomoka pamoja na mlima wake. Tangu masika yaanze hakuna gari lililopanda wala lililoshuka."

Edina akaweka kalamu chini. Ihanzo kilikuwa kijiji jirani na Lusanje, kwao, huko huko juu ya safu ya milima ambako mama yake aliishi peke yake na mbuzi wake. Jana jioni walikuwa wamezungumza. Mama alisema barabara mwaka huu ni nzuri, na kwamba viazi vyake vimeshapakiwa kwenye lori.

Hakumwambia mzee jambo hilo. Alisema tu, "Nieleze."

Mzee Mahenge akaeleza akiwa amesimama, ameshika mgongo wa kiti. Mke wake aliugua nimonia. Muuguzi wa zahanati alipiga simu hospitali, akaambiwa gari la wagonjwa linakuja. Akapiga tena, akaambiwa limefika mtoni. Wakamvika mgonjwa koti, wakamlaza kwenye machela pale mlangoni ili gari lisichelewe. Kila walipopiga, gari lilikuwa karibu zaidi. Mke wake alifia mlangoni, amevishwa tayari kwa safari.

"Nikampigia binti yangu Tulizo, yuko hapa mjini. Nikamwambia mama yako ametutoka. Mwanangu, alilia! Alilia kile kilio chake cha kuvuta pumzi, ninachokijua tangu yuko mgongoni. Akasema, baba, msizike, nakuja. Tukasubiri. Nikapiga, akasema yuko njiani. Maiti haina subira. Tukazika bila yeye. Ndugu wakamsema vibaya, na mimi nikamsema. Nikashuka nimuulize yeye ni mtoto wa namna gani."

"Akasemaje?"

"Kamuulize mwenyewe. Yuko hapo nje kwenye benchi. Anaongea na mama yake."

Edina akatoka. Tulizo alikuwa fundi wa nguo, utepe wa kupimia ukiwa bado shingoni. Alikuwa ameegemeza simu sikioni, anacheka. "Ngoja mama, usikate, kuna dada hapa," alisema, akafunika simu kwa kiganja. Alipoinua uso Edina aliona kwamba macho hayakuwa na kicheko hata kidogo. Yalikuwa yamevimba kwa kulia.

"Shikamoo, dada. Baba ameshaniambia. Najua yote. Lakini ananiita jina langu."

Edina akanyoosha mkono. Msichana akasita, kisha akampa ile simu.

"Haloo? Nani mwenzangu?" Ilikuwa sauti ya mama mtu mzima, yenye mkwaruzo wa moshi wa kuni.

"Naitwa Edina, wa ofisi ya mtandao. Naongea na nani, mama?"

"Mama Tulizo, wa Ihanzo. Kuna tatizo? Sisi huku laini haijawahi kukatika, tunamshukuru Mungu."

"Mzee naye hajambo?"

"Hajambo kabisa. Ameenda kwenye shamba lake la pareto. Mtu yule na pareto!" Sauti ikacheka.

Mzee Mahenge alikuwa amewafuata hadi mlangoni, na alisikia. Ndipo alipoketi, pale pale kwenye ngazi ya saruji, akaziba masikio kwa viganja vyote viwili kama mtoto anayeogopa radi.

*

Sheria ya Kaya ilipopitishwa, watu walicheza ngoma barabarani. Ilisema kwamba mtandao wa nyumbani ni kama maji ya kunywa: nyumba isikatiwe, masikini asiachwe gizani, na sauti ya mtu ikikatika katikati ya mazungumzo, kampuni iwajibike. Ofisi ya Mtetezi wa Kaya iliundwa ili kusimamia hayo. Kampuni ya Unyuzi, iliyopewa milima yote ya kusini, haikuwa na minara ya kutosha kushinda mvua na ukungu. Ikatafuta njia nyingine ya kuitii sheria. Kwenye karatasi njia hiyo iliitwa Huduma ya Mwendelezo. Mafundi waliiita kiraka.

Desdery Komba, injinia mkuu wa Unyuzi mjini Njombe, alimpokea Edina katika chumba cha mitambo. Ukutani palikuwa na ramani ya mkoa yenye vitaa, na kila kitaa kiliwaka kijani.

"Kilianza na silabi," alisema, akifuta miwani kwa ncha ya shati. "Upepo ukimeza silabi, mtambo unakisia, unaipachika kwa sauti ya mwenyewe. Nani angelalamika? Ninyi wenyewe mlitupongeza."

"Halafu?"

"Halafu maneno. Halafu dakika nzima za radi. Mtambo husikiliza tangu siku nyumba inapounganishwa, dada Edina. Unajua nani huanza kwa kuuliza mifugo, nani hukohoa kabla ya kudanganya. Na mtu mwenye desturi ya kupiga kila jioni, jioni laini yake ikifa, mtambo unapiga kwa niaba yake. Tuliupa neno moja kutoka kwenye sheria yenu, mwendelezo. Ukalichukua kama lilivyo."

"Mnara wa Lusanje umeanguka?"

"Haujaanguka. Umesimama, unakula umeme wa jua. Kilichokatika ni mkongo wa mawasiliano uliokuwa ukishuka kando ya barabara." Akagusa ramani kwa kidole. "Walio juu wanazungumza na mtambo ulio mnarani. Walio chini wanazungumza na mtambo huu hapa. Baina yao hapapiti kitu."

Edina alitazama kile kitaa cha kijani. "Mbona kinasema ni kizima?"

"Kuna kamba nyembamba ya setilaiti. Haibebi sauti wala ujumbe wa mteja. Inapeleka amri zetu, inaleta jibu la mnara kwamba haujambo. Na kweli mnara haujambo, maadamu kiraka kinajaza kila pengo."

"Ulijua tangu lini?"

"Tangu ulipoingia mlango huu." Sauti ya Desdery ilikuwa ya chini. "Ningejuaje? Hakuna aliyelalamika. Lusanje ndiyo kata yenye wateja walioridhika kuliko kata zote za nchi hii. Tuliipa tuzo."

Mtambo ulinguruma taratibu, mngurumo wa kuridhika kama wa paka. Edina akawaza wale watu wote wa juu, walioegemeza simu masikioni, wakieleza homa zao na nyufa za kuta zao, nao wakiambiwa pole, tumeshasikia, tunakuja.

"Kizime kiraka," alisema.

"Sheria inakupa mamlaka hayo. Ukiniandikia amri, nitazima. Ila nisikilize kwanza." Desdery akavaa miwani, akamtazama moja kwa moja. "Mlima bado unatembea. Simu zikinyamaza ghafla, unadhani watu wale watakaa? Watashuka kuwatafuta watoto wao. Watoto nao watapanda. Watakutana kwenye poromoko, mvua ikinyesha. Nipe nafasi nipeleke mafundi wavute mkongo mpya. Siku sauti za kweli zitakaporudi, kiraka kitajiondoa chenyewe, polepole. Hakuna atakayejua kwamba palikuwa na tundu."

"Na waliokufa? Wao watajiondoa vipi, polepole?"

Desdery alivua miwani tena, ingawa ilikuwa safi.

*

Edina alisimama kwenye uwanja wa magari wa kampuni, akampigia mama yake.

Iliita kidogo tu. "Edina! Mchana huu? Kuna nini, mwanangu?"

"Hakuna kitu, mama. Shikamoo. Nilikukumbuka."

"Marahaba. Umekula?"

Alijibu kwamba amekula. Alisikiliza kwa makini mno, mpaka akasikia mbuzi nyuma ya sauti, na bati likigongwa na upepo. Vyote vilikuwa mahali pake. Hapo akauliza jambo ambalo hawakuwahi kulitaja katika simu, wala mahali popote. "Mama, siku ile tulipomzika baba, ulinishika mkono ukanipeleka nyuma ya nyumba. Ulinionesha nini?"

"Edina, mambo ya siku ile yananiumiza. Tuyaache."

Ndivyo mama yake angejibu. Ndivyo hasa angejibu, kwa neno lile lile, tuyaache, ambalo amelitumia maisha yake yote kufunga milango.

"Nakuomba, mama. Nina sababu. Sema tu ni nini."

Akasikia pumzi ikikatika, na mtu akipenga kamasi kwenye kona ya kanga. Mama yake alikuwa analia. Au kitu fulani ndani ya jengo lile nyuma yake, nyuma ya ukuta wenye joto la mitambo, kilikuwa kimekisia kwamba hapa mama huyu angelia.

"Samahani, mama," alisema, akakata kwa aibu. Hakujua amemwonea nani.

Mzee Mahenge na binti yake walikuwa wakimsubiri langoni. Walikaa kwenye ukingo wa mtaro, kila mmoja akitazama upande wake.

"Baba," Edina alisema, "huko juu, ni wangapi wengine wanaosubiri?"

"Wanaosubiri nini?"

"Chochote walichoahidiwa kwenye simu."

Mzee alifikiri. "Muuguzi anasubiri dawa. Kuna mama mjamzito, mtoto amekaa vibaya, anasubiri gari. Mwalimu anasubiri mwenzake. Sisi wote, mwanangu. Kila nyumba huko inamsubiri mtu."

Tulizo akageuka. "Dada, nimesikia watu wa ndani wanavyosema. Unataka kuzima. Sikatai, ila mwache mama peke yake. Laini moja tu ya nyumba moja, itamdhuru nani? Mimi sidanganyiki. Najua yuko kaburini. Ila asubuhi napata nguvu ya kuamka."

"Tulizo!" baba yake alisema.

"Wewe ulimzika, baba! Mimi sikuzika kitu!"

Simu ya Edina ikaita. Alikuwa mkurugenzi wake. Sauti ilikuwa yake, nzito, yenye haraka. "Edina, nimesikia la Lusanje. Usitoe amri yoyote mpaka nirudi. Tusitie watu hofu."

"Shikamoo, mkurugenzi. Uko wapi sasa?"

"Niko njiani, natoka Dodoma. Tumeelewana?"

Njia ya Dodoma ilikuwa na milima yake. Edina aliutazama mlango wa chumba cha mitambo uliokuwa wazi kidogo. Alitamani mkurugenzi aseme jambo lisilotarajiwa, ili ajue ni yeye, akosee jina lake, atukane hata. Alikuwa amesema yale ambayo mkurugenzi angesema siku yoyote.

"Mkurugenzi, nani amekuambia habari za Lusanje?"

"Tumeelewana, Edina?" sauti ilirudia.

Alikata. Akaingia ndani, akaomba karatasi, akaandika amri kwa mkono wake.

*

Desdery aliisoma amri mara mbili. "Kuna jambo hukuniuliza," alisema. "Kiraka hakizimwi kata kwa kata. Ni nguo moja. Nikizima, nazima kusini yote."

"Minara mingine si mizima?"

"Yote ni ya kijani." Walitazamana, na wote wawili wakaelewa kijani maana yake nini.

"Zima," Edina alisema.

Mngurumo ulishuka, ukakoma. Kwanza halikutokea lolote. Kisha kitaa kimoja kwenye ramani kikageuka chekundu, na kingine, vikaenea kama upele unavyoenea mwilini mwa mtoto. Lusanje ilikuwa nyekundu, na Makanji, na bonde lote la Ruhwiki, na vijiji vya mpakani. Desdery alikuwa anahesabu kwa midomo, kisha akaacha kuhesabu, akashika meza.

Nje, Tulizo alipiga ukelele mmoja. Mama yake alikuwa ameishia katikati ya jina lake.

Mjini waliokuwa wanazungumza walitazama simu zao, wakazitikisa. Muuza parachichi aliyekuwa akimsimulia mjomba wake bei za soko aliendelea kusimulia kwa muda kabla ya kugundua. Mwanamume mmoja aliyevaa suti alisimama katikati ya barabara, akisema, "Haloo? Haloo, mke wangu?" huku magari yakimpigia honi. Kabla ya saa nane mchana kulikuwa na umati mbele ya Ofisi ya Mtetezi wa Kaya. Kwa mara ya kwanza tangu Edina apate kazi ile, watu wa mkoa wake walikuwa wanalalamika wote.

Alisimama mbele yao, akaeleza bila kuficha. Aliwaambia kwamba sauti walizozisikia zilikuwa makisio, kwamba barabara hazipo, kwamba lazima watu wapande kuwafuata ndugu zao kwa miguu na kamba. Alitegemea kilio, na kilio kilikuja. Hakutegemea kilichofuata.

"Mimi nilizungumza na mama leo asubuhi," mwanamke mmoja alisema. "Alikuwa mzima. Wewe ndiye uliyemuua sasa hivi."

"Ndiyo!" watu wakaitikia. "Turudishie laini! Ni haki yetu kisheria!"

Jiwe likapita karibu na sikio lake, likavunja dirisha. Desdery alikuja na gari la kampuni kwa mlango wa nyuma, lenye kamba na kofia za mafundi. "Panda," alisema. "Huko juu ndiko kwenye kazi." Mzee Mahenge alikuwa ameshakaa ndani. Tulizo hakuwamo. Alikuwa mbele ya umati, ameinua mkono, anapiga kelele pamoja nao.

*

Waliliacha gari pale lami ilipoishia hewani.

Mvua ilikuwa imepumzika, ila ukungu ulikuwa umejaa bondeni mpaka mtu asione miguu yake. Poromoko lilikuwa limeikata barabara kama kisu kinavyokata mkate. Chini mto ulinguruma pasipoonekana, na kila mara mawe yalijibingirisha peke yake. Mzee Mahenge aliwaonesha mizizi aliyoshuka nayo. Desdery akafunga kamba kwenye kisiki cha msonobari, akaivuta kwa uzito wake wote kuijaribu.

Ndipo waliposikia watu.

Walikuwa ng'ambo, wengi, wanaitana. Desdery alikuwa amesema kweli: simu ziliponyamaza, walishuka. Mtoto alikuwa analia. Mtu fulani aliuliza kwa sauti kubwa kama upande wa pili kuna gari la wagonjwa.

"Sisi ni watu wa Njombe!" Edina alipaza sauti. "Kaeni mbali na ukingo! Tunakuja na kamba!"

Mtu akajibu kutoka ng'ambo, kwa uchungu, "Tumeambiwa hivyo tangu masika!"

"Mimi ni Mahenge wa Ihanzo!" mzee akapaza. "Mnanijua! Simu zilikuwa zinatudanganya!"

"Mahenge alianguka mtoni," sauti ikasema. "Binti yake ametuambia juzi kwenye simu kwamba hakufika."

Edina alimshika mzee bega. Alimwita mama yake kwa jina la ukoo, halafu kwa jina la nyumbani. Aliita mpaka sauti ikakwaruza. Mwishowe, kutoka ng'ambo, kushoto kidogo, likaja jibu.

"Nani anayeniita?"

Ilikuwa sauti ile ile ya mchana. Haikuwa na tofauti yoyote, na hilo ndilo lililomtisha.

"Ni mimi, mama! Edina!"

"Edina yupi? Mbona sauti yako imeharibika?"

"Nimepiga kelele sana! Mama, mchana wa leo, nilikupigia?"

Mto ulinguruma. "Ulinipigia," mama alisema. "Uliniuliza kama nimekula. Tukaongea habari za mbuzi."

Basi aliyelia kwenye simu hakuwa yeye. Edina alifarijika, na papo hapo akaelewa kwamba mama yake naye, mchana ule ule, alikuwa ameongea na Edina mwingine, mtulivu, asiyeuliza mambo ya makaburini. Akakusanya pumzi. "Siku ya maziko ya baba, nyuma ya nyumba, ulinionesha mche wa msonobari alioupanda siku nilipozaliwa! Ulikuwa umeukata! Ulisema hutaki kitu chake kikue!"

Ng'ambo watu wengine walikuwa wanasikiliza.

"Hilo sijamwambia mtu," mama alisema taratibu.

"Mimi ndiye, mama!"

"Vuka. Vuka nikuone."

Hapo ndipo simu zilipoita.

Ziliita zote kwa pamoja, pande zote mbili za poromoko, nyimbo za kila aina ndani ya ukungu. Desdery alichomoa yake, akasoma, akafumba macho. "Mkurugenzi wako ameondoa amri," alisema. "Wananchi wameshinda. Kiraka kimerudi."

Simu ya Edina ilikuwa inatetemeka mfukoni. Aliitoa. Kwenye kioo iliandikwa, Mama. Aliitupa bondeni bila kuipokea, na ikaendelea kuita ikishuka, mpaka mto ukaimeza.

Ng'ambo watu walikuwa wanapokea. Alisikia haloo moja, na nyingine, halafu nyingi. Alisikia sauti zikilainika, hasira ikiyeyuka, mtu akicheka kwa machozi. "Kumbe ulikuwa mtandao tu!" mmoja aliwaambia wenzake. "Wanasema turudi, mvua inakuja. Wanasema kesho asubuhi gari litakuwa mtoni."

"Msirudi!" Edina alipiga kelele. "Msiwasikilize!" Mzee Mahenge naye alipaza sauti, akiwaita majirani zake kwa majina, mmoja mmoja. Hakuna aliyeitika jina lake. Sauti za upande huu zilikuwa mbaya, zenye mkwaruzo, zilizotafunwa na upepo. Zile za simuni zilikuwa safi. Nyayo zikaanza kupanda mlima, zikaenda zikififia, na kilio cha mtoto pamoja nazo.

"Mama!" Edina aliita. "Bado uko hapo?"

"Nipo." Simu yake ilikuwa bado inaita. "Inasema ni wewe."

"Siyo mimi. Usipokee."

"Haraka basi, mwanangu. Baridi imenipata, na wenzangu wamekwenda."

Edina alivaa kofia, akashika kamba. Desdery alitaka kusema jambo kuhusu udongo, ila alimtazama usoni, akaishia kumfunga fundo la kiunoni na kulikaza. Mzee Mahenge akashika kamba nyuma yake, miguu ameikita kwenye tope. Edina akageuka, akaanza kushuka kinyumenyume, akitafuta kila mzizi kwa ncha ya kiatu. Ukungu ukamfunika mabega, ukamfunika kichwa. Udongo uliteleza chini yake, ukasimama, ukateleza tena.

Alikuwa amefika katikati, mahali ambapo hakuona kisiki alikotoka wala ukingo alikokuwa anakwenda, aliposikia ile simu ya ng'ambo imeacha kuita.

Alisimama, akaning'inia, akasikiliza. Juu yake mama yake alikuwa anazungumza, kwa sauti ya chini, ya upole, sauti ambayo mtu humsemesha mtoto wake. Edina hakuweza kuyasikia maneno, wala hakuweza kujua yanaambiwa nani. Alitafuta mzizi mwingine kwa mguu, akaupata, akaendelea kwenda.